Zamu ya Kaveke

Gari jeupe lilisimama ukingoni, na mwanamume ambaye hakuna aliyemjua akashuka kuelekea mto mkavu, viatu vyake vikizama mchangani.

"Namtafuta Daktari Mutindi."

Wanawake waliokuwa wakipitisha mawe ya bwawa mkono kwa mkono wakacheka. "Ni huyo mwenye simiti kwenye nyusi!"

Mutindi aliweka karai chini. Mgeni alikuwa Profesa Mwau, wa chuo kikuu cha ufundi jijini. Alikuwa amesoma tasnifu yake kuhusu maji yanayojificha ndani ya mchanga.

"Tuna nafasi moja ya utafiti baada ya uzamifu," alisema. "Utapata maabara yako. Nimekupigia tangu jana, simu haiingii, ndiyo nikaamua kuja mwenyewe kwa barabara ya Kwa Vonza. Jopo linakaa leo saa tisa. Ukiingia garini sasa, tutafika."

Mutindi alifumba macho. Aliiona maabara: mirija mirefu ya kioo iliyojaa mchanga, maji yakishuka polepole kama mtu anayewaza. Mito yote ya Kitui na Makueni, hata ile ya chini ya vilima vya Kilungu, ilikuwa imelala ndani ya chumba kimoja, naye akiisikiliza ikipumua. Tangu ahitimu alikuwa akifundisha fizikia kama kibarua katika shule ya upili, na kila alipofuta ubao alikiona chumba hicho.

Lakini mama Kaveke alikuwa kitandani. Ndiye aliyempa malazi bure miaka yote ya utafiti, na jana aliteguka kiuno. Katika mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji, kila mji, yaani kila boma, hutoa mtu mmoja. Anayeondoka kabla ukuta wa bwawa haujafungwa, mji wake hauhesabiwi, na wakati wa kiangazi huchota maji baada ya wengine wote.

"Nitasimama mahali pako mpaka mwisho, mwaitu," Mutindi alikuwa amemwambia, akimwita mama kwa Kikamba. Mama yule akalala akitabasamu.

"Hawawezi kukuruhusu?" profesa aliuliza, Mutindi alipomweleza.

Nduku, kiongozi wa kikundi, alijifuta jasho. "Enda, mwanangu. Nafasi kama hiyo haiji kila siku. Lakini sheria ni yetu sote. Siwezi kuhesabu mtu ambaye hayuko."

"Ama wewe profesa ushike karai, tumalize haraka!" Muthoki alipaza sauti kutoka kwenye mstari.

Profesa alicheka kidogo, kisha akatazama saa.

"Naweza kuongea na jopo kesho?" Mutindi aliuliza.

"Sijui. Kuna wengine wanaongoja hiyo nafasi."

"Waambie nilitaka sana kuja."

Vumbi la gari lilibaki hewani muda mrefu, la rangi ya asali. Mutindi alilitazama mpaka likatua. Simiti iliyokwisha kuchanganywa haingoji mtu. Akainama, akachukua karai.

Jua lilikuwa limeshuka jiwe la mwisho lilipoingia. Nduku alisimama juu ya ukuta, akaanza kuita miji kwa sauti.

"Kwa Kaveke?"

Mutindi aliinua mkono. "Tuko," alijibu.

Wengine walipoanza kupanda ukingo, yeye alibaki ameketi, kiganja chake juu ya ukuta mbichi. Ulikuwa na joto lake wenyewe, kama mbegu iliyoanza kuota.