Vikaratasi vya Chumba Namba Tisa

Mama Kimya, mkutubi wa chuo, jina alilipata kwa kunyamazisha watu kutwa nzima. Wanafunzi aliwajua kwa kuwatupia jicho tu. Wa mwaka wa kwanza huja maktaba kuchaji simu na kulalia meza, mate yanawatoka. Wa mwaka wa tatu hugombania mitihani ya zamani. Wa uzamili, flashi mkononi na haraka isiyo na mfano. Na wa uzamivu? Hao hupewa chumba kidogo ghorofani, na ruhusa ya kukaa na vitabu hata arobaini.

Mmoja wao, waliyemwita Profesa kwa utani, alizipita ngazi zote hizo mbele ya macho yake. Miaka kumi na moja! Alimwita mama, naye akamchukulia kama mwanawe. Basi alipotoweka mwezi mzima bila hata kuaga, mama wa watu akanuna.

"Ameshakuwa mkubwa, hanihitaji tena."

Kanuni ilisema chumba kisichotumika siku thelathini kisafishwe, ila mwenyewe apigiwe simu kwanza. Namba anayo. Hakupiga. Kisirani tu! Alirudisha vitabu kwenye rafu, na kwa vile kitabu hakirudi rafuni na makaratasi ndani, alichomoa vikaratasi vyote katikati ya kurasa, mamia kwa mamia, vyenye mwandiko mdogo wa penseli. Akavipeleka vikachomwe.

Jumatatu Profesa akaingia, amekonda, shati linamning'inia. Alipanda juu chumbani kwake. Hakukawia kushuka.

"Mama, vikaratasi vyangu viko wapi?"

Alipoambiwa, alishika kaunta kwa mikono miwili. Tasnifu ilitakiwa baada ya wiki tatu, na sura mbili zilizobaki zilikuwa kwenye vikaratasi vile, si kwingine.

"Ulikuwa wapi wewe?" Mama Kimya aling'aka, machozi yanamlengalenga. "Si ungesema!"

"Hospitali, namuuguza mke wangu. Tumemzika Alhamisi."

Jamani! Mama Kimya alitamani atukanwe, apigwe hata kofi. Lakini Profesa hakupandisha sauti.

"Kila siku alikuwa ananiuliza, kazi yako umemwachia nani? Nikawa namwambia asiwe na wasiwasi, nimemwachia mama."