Darubini ya Kiti cha Kinamasini

Shemeji yangu Waino aliingia dukani kwa Urho nikiwa nimeishika ile darubini ndogo mkononi, na kabla hata ya salamu akacheka. Ndivyo alivyo. Nimemjua miaka thelathini na minne na sijawahi kumsikia akicheka jambo la kuchekesha.

"Ya nini hiyo, Sylvi? Ya kutafutia chawa?"

"Ya kukutafutia wewe akili, shemeji."

Urho, mwenye duka, alijifanya anapanga risasi kwenye rafu. Kule kwenye birika la kahawa walikuwa wazee wawili, nao wakanyamaza ili wasikie vizuri.

Zilikuwa zimebaki siku nne kufika Jumatatu ya tarehe kumi na tano Novemba, siku msimu wa kuwinda kulungu unapofunguliwa, ambayo huku kwetu Michigan ya juu hata shule hufungwa, maana walimu nao wako msituni. Nilihitaji darubini ya bunduki ya marehemu mume wangu, Reino, ambaye alikuwa mdogo wake Waino. Reino aliinunua bunduki hiyo miaka yake ya mwisho, mapafu yalipomkatalia kubeba ile nzito. Haifiki kilo tatu. Mimi ilinifaa kwa sababu ya bega langu bovu, lakini macho ndiyo yameniangusha. Ile nundu ya kulengea mwishoni mwa mtutu siku hizi naiona kama donge la pamba.

Nimekosa kulungu miaka miwili mfululizo. Na kwenye kambi yetu ya uwindaji kukosa si siri ya mtu. Ukifyatua ukakosa, jioni unasimamishwa mbele ya wote, unakatwa mkia wa shati kwa mkasi, na kipande kinapigiliwa ukutani kikiwa na jina na mwaka. Ukimaliza msimu bila kufyatua, unakatwa vilevile. Kambi nyingi zina mchezo huo. Ila yetu ina nyongeza ya baba mkwe wangu, mzee asiyejua mchezo: vipande vitatu mfululizo, umepoteza kiti chako cha kuwindia.

Vyangu viwili viko juu ya jiko. Cha tatu kikipigiliwa, kile kiti cha kinamasini, alichokijenga Reino katikati ya mierezi miwili akakikalia miaka ishirini na sita, nakikosa. Waino alikuwa anakitaka. Alishatangaza kwamba mkwewe, Dale, kitamfaa.

"Mama Sylvi," Urho alisema polepole, "kwa bunduki hii, na pale unapokaa, mimi nakupa hii hii ndogo. Ni nyepesi. Inakuza mara mbili tu ukitaka, kwa hiyo kulungu akitokea karibu unamwona mzima. Na hata jicho likikaa mbali nayo, upana wa kiganja, bado unaona."

"Nimekuelewa. Nifungie."

Waino akanyoosha mkono akashusha kutoka rafu ya juu darubini nene kama chupa ya maziwa. "Hii ndiyo ya watu wazima. Inakuza mara kumi na sita. Utahesabu kope za kulungu."

"Kinamasini kulungu anatokea hatua arobaini. Kope zake za nini?"

"Kwa sababu mwili wake mzima umekushinda kuuona. Mara mbili."

Wale wa birikani wakacheka. Nilisikia shingo ikipata moto.

"Ungeacha tu, shemeji," Waino akaendelea, sasa kwa sauti ya upole, na upole wake ni mbaya kuliko matusi. "Bakia na kuoka pai zako za nyama, unaziweza. Reino angekuwepo angekufa mara ya pili, kwa aibu."

Niliiweka ile ndogo juu ya meza. "Urho, nipe hiyo kubwa."

"Mama, nisikilize. Bunduki nyepesi ina teke. Na hii inataka jicho likae karibu sana..."

"Nimesema nipe!"

Najua. Hasira hasara, kila mtoto anaujua msemo huo, na mimi nina miaka hamsini na tisa. Nilikuwa najua kabisa kwamba Urho anasema kweli na Waino anasema upuuzi, nikanunua upuuzi ili nimfunge mdomo. Nililipa, nikatoka na kifua mbele.

Saa moja baadaye nilikuwa kwenye shimo la kokoto nyuma ya mji, najaribu. Bunduki ilikuwa imegeuka kitu kingine, nzito juu, inapinduka mkononi. Nililaza shavu, nikasogeza jicho hadi picha ikakaa, nikafyatua. Chuma cha darubini kilirudi nyuma kikanipiga juu ya jicho. Damu ilimwagika hadi kidevuni. Kila mtu huku analijua kovu hilo la mwezi mchanga juu ya nyusi. Ni alama ya mwindaji mjinga, na kwa kawaida huwa nayo mgeni kutoka mjini.

Kesho yake nilimeza kiburi, kinachoniwia kigumu kuliko dawa yoyote, nikarudi kwa Urho na bandeji usoni. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Ile ndogo nilikuwa nayo moja tu, mama. Waino alirudi jana kabla sijafunga, akaichukua."

Nilimkuta Waino kwenye gereji yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko la kuni. Darubini ilikuwa juu ya meza ya kazi, ndani ya boksi, hata utepe haujakatwa. Bunduki yake nzito ilikuwa ukutani na darubini yake ileile ya zamani. Kwa hiyo hakuinunua aitumie. Aliinunua nisiipate.

"Umegongwa na mlango?" aliuliza akiangalia bandeji.

"We mzee, huna haya? Umenichokoza mbele ya watu ninunue takataka, kisha unakwenda kuficha kilicho kizuri?"

"Kwani nilikushika mkono? Ulinunua mwenyewe. Nilijua utanunua. Wewe ukiambiwa usiruke shimo, unaruka."

"Yote haya kwa ajili ya Dale! Mtu asiyejua hata kuchuna sungura!"

"Dale?" Waino alitema mate kwenye majivu. "Dale anapenda kulala. Kiti ni changu mimi."

"Wewe una kiti. Kule juu, kwenye mgongo wa kilima, ndicho bora kambini, baba yako alikupa mbele ya Reino na ukamsimanga nacho hadi anakufa."

Alikuwa anajisugua goti, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba tangu niingie hajasimama. Waino hajawahi kugombana na mtu akiwa amekaa.

"Mwaka jana nilitumia saa mbili kupanda kule," alisema. "Goti hili limekwisha, na la pili linalifuata. Wakati wa kurudi nilianguka kwenye theluji. Nilikaa nikaona giza linaingia, nikasema basi, hapa ndipo nitakapookotwa maiti. Nilitambaa, Sylvi. Hatua mia mbili nilitambaa kama mtoto. Kambini nikawaambia nilikuwa nafuata damu ya kulungu."

Nilikumbuka jioni ile. Nilimcheka kwa kuchelewa supu.

"Kiti cha kinamasini kiko karibu na kambi," akasema. "Naweza kufika kwa fimbo. Umeridhika sasa? Nenda ukawatangazie."

"Ungeniomba."

"Nikuombe wewe? Ungenipa?"

Nitasema kweli hapa, maana pale sikuisema. Nisingempa. Ningemcheka, ningemwambia akaning'inize bunduki afume soksi. Huruma iliniingia na hasira haikutoka. Zilikaa pamoja kifuani zikasukumana.

"Sikupi kiti," nikasema.

"Sikuomba." Alilichukua boksi akanitupia, likanigonga tumboni. "Chukua. Jumatatu ukikosa, usije ukasema ilikuwa darubini. Nataka ukose wewe mwenyewe, kwa mikono yako."

Nikamtupia funguo za gari langu. "Ile kubwa iko kiti cha nyuma. Kaitoe mwenyewe!" Kisha nikakumbuka goti, nikaenda kuileta, nikaitupa mezani kwake kwa kishindo. Hatukuagana.

Urho alinifungia ile ndogo, chini kabisa karibu na mtutu, na bunduki ikawa nyepesi tena. Nilijaribu mara sita kule shimoni. Mara tatu za kwanza nilifumba macho kabla ya kufyatua, kwa kuogopa kile chuma. Mara tatu za mwisho niliyalazimisha yabaki wazi.

Jumatatu nilifika kwenye kiti bado nyota ziko. Waino alikuwa ametangulia kuondoka kambini saa nane usiku, peke yake, na wenzetu walimsifu kwa bidii. Mimi nilijua kwa nini ameondoka saa nane, sikusema kitu.

Saa mbili na robo asubuhi kulungu dume alitoka kwenye mierezi. Hatua arobaini, labda thelathini na tano. Nilinyanyua bunduki na kulungu akawemo mzima ndani ya kioo, masikio, bega, mvuke wa pua, na miti iliyomzunguka. Ingekuwa ile nyingine ningeona manyoya matupu. Jicho langu lilitaka kufumba, nikalikatalia. Nikafyatua. Teke likaja begani, usoni hakikunigusa kitu, na dume akaenda hatua kumi akalala.

Nilipiga kelele ya furaha. Sitaificha. Nikasema kwa sauti, "Haya, Waino, kata hilo shati!" Nikamwendea dume, nikamtoa matumbo, mikono ikafuka mvuke.

Nilikuwa naosha kisu kwenye theluji ndipo nilipokumbuka. Kwetu ukisikia risasi, na kiti chako ndicho cha karibu, unashuka kusaidia kuvuta. Hutumi mtu, husubiri. Hakuna aliyewahi kuvunja utaratibu huo, hata mwenye homa, hata waliokosana. Na kiti kilicho karibu na changu ni kile cha Waino, cha mgongoni.

Ningeweza kwenda kumlaki. Nilikaa juu ya gogo nikangoja, nikijiambia kwamba hatakuja, kwamba safari hii atajidai hakusikia. Alikuja. Saa nne kasoro robo nilimwona juu kwenye mteremko na koti lake la rangi ya chungwa, anashika mti huu, anaupumzikia, anaushika mwingine. Mara mbili aliketi chini. Mara mbili nilinyanyuka kwenda, mara mbili nikajikalia. Yule angenirushia bunduki kama ningemshika mkono.

Alifika akamzunguka dume, akainama akaangalia tundu nyuma ya bega.

"Umepiga juu kidogo," alisema.

"Amekufa, Waino."

"Hata kipofu angempata hapa."

"Mbona basi unapataka?"

Tulishika pembe, kila mtu moja, tukavuta. Hatua tano. Nikasikia goti lake likilia, sauti ya kijiti kinachovunjika, naye akaachia pembe. Alisimama akiangalia mierezi kana kwamba ndiyo imemkosea. Uso ulikuwa umepoteza rangi. Kisha akageuka, akachechemea hadi kwenye kiti cha Reino, akajishusha juu ya mbao kwa mikono miwili, akailaza bunduki mapajani. Mguu mmoja aliuacha umenyooka.

Nilimsogelea nikiwa na maneno tayari. Nilikuwa nayo tangu dukani, na mengine ya miaka kumi nyuma. Shuka kwenye kiti cha mume wangu. Alikuwa anahema na macho yake yako mbele, pale kulungu wanapotokea, na nilijua amenisikia nikifika na anangoja niyaseme.

"Una kahawa?" nikamuuliza.

"Imekwisha njiani."

Nikamwachia chupa yangu na pai moja. Aliichukua bila asante, akainusa.

"Umezidisha chumvi," alisema.

"Kula ufe."

Nikajifunga kamba kiunoni nikamvuta dume peke yangu. Ni hatua mia mbili tu hadi kambini lakini zilinichukua saa nzima na bega bovu likanitukana njia yote. Nilipofika, wenzetu walikuwa wamerudi kwa chakula cha mchana. Walipiga makofi, wakamning'iniza dume kwenye mti wa kambi, wa kwanza mwaka huo. Dale alinipiga mgongoni akasema basi, kiti chako umekiokoa, mama, hakuna wa kukugusa tena. Nilisubiri furaha ya asubuhi irudi. Haikurudi, na nilimchukia Waino kwa hilo kuliko kwa yote aliyowahi kunifanyia.

"Na baba mkwe yuko wapi?" Dale akauliza. "Bado kule juu mgongoni?"

Wote walikuwa wananiangalia. Nilifungua mdomo nimwambie yuko kwenye kiti changu.

"Yuko kinamasini," nikasema. "Yuko kwenye kiti chake."