Posa Imekwama kwa Sensa

Bolti moja tu! Ndivyo alivyoniambia fundi Yusuph kwenye simu, yeye mwenyewe yuko msibani Turiani. "Sensa ya krenki imekufa, kaka Mikidadi. Utapiga stata mpaka kesho na gari haliwaki. Chomoa hiyo, weka mpya. Bolti moja tu." Mpya ninayo. Bolti yenyewe sasa, kha! Imejificha chini kabisa nyuma ya oltaneta, spana inateleza, na vidole vyangu vimechunika vyote.

Na siku yenyewe ndiyo ya posa ya Zuhura, mtoto wa dada yangu Raya. Waposaji kutoka Mikese wameshafika Kinole kwa dada, wamekaa mkekani wanasubiri jibu. Kwetu Waluguru binti hatolewi mpaka mjomba wake afungue mdomo mbele ya wageni. Mjomba ndiye mimi, nimelala chali chini ya gari hapa Bigwa, kanzu nimeitundika kwenye mpapai.

Mama yangu kakaa siti ya nyuma tangu asubuhi, kajitanda khanga mpya, hataki kushuka. Bodaboda miguu yake haiiwezi, na posa ya mjukuu wake hakubali kuikosa.

"Bado tu?" akauliza.

"Bado, mama."

"Marehemu baba yako alikuwa akifungua baiskeli nzima kwa muda huo."

"Mama, hii si baiskeli!"

"Naona. Baiskeli ingekuwa imeshafika."

Nikairudia bolti, nikaendelea kuchunika.

Simu ikalia. Raya huyo. Nikaiweka spika, nikailaza juu ya betri. "Kaka, uko wapi? Wageni wanasema wakishaswali adhuhuri wanaondoka!"

"Nabadilisha sensa!" nikapiga kelele. "Waambie nikimaliza sensa tu nakuja!"

Kumbe na yeye kaweka spika. Nikasikia sauti nzito ya Mzee Abdulmajid, baba wa kijana anayeoa: "Sensa? Sensa si ilishapita, tukahesabiwa sote? Huyu bwana anatutania?"

"Sensa ya gari, mzee wangu! Shikamoo!"

"Magari nayo siku hizi yanahesabiwa?" Watu wakacheka, lakini si kicheko cha heri. "Mjomba asiyetaka aseme hataki. Hatukutoka Mikese kuja kuchezewa."

Haki ya Mungu nilitaka kulia kwa hasira. Zuhura nimemlea mimi. Kijana huyo ni Zuhura mwenyewe kamtaka, kwa moyo wake, na hao wazee wakiinuka bila jibu, posa imekufa. Nikaikaba ile bolti kwa nguvu zote, nikaitukana, na nikamwomba Mungu msamaha papo hapo. Ikalegea! Nikachomoa sensa mbovu, nikapachika mpya, nikabana, nikakimbilia usukani, nikapiga stata. Likawaka mara ya kwanza.

"Limewaka!" nikapiga kelele. "Mama, limewaka!"

"Mnalisikia?" ikasema sauti ya Mzee Abdulmajid, kumbe simu juu ya betri haijakatwa. "Gari zima, linanguruma. Alikuwa anatuzungusha tu. Inukeni jamani, tuondoke."

Simu ikakatika. Nikapiga, haipokelewi. Nikapiga tena, wapi! Nikafunga boneti nikaondoka hivyohivyo na singlendi, kanzu niliisahau mpapaini.

Tulipoipita Kiroka nikaiona Noah ya wageni inateremka kutoka Kinole. Nikasimamisha gari katikati ya barabara, nikashuka, mikono myeusi kwa oili, sensa mbovu nimeishika. Mzee Abdulmajid akashuka naye, kakunja uso.

"Mzee wangu, sensa ni hii hapa!"

Akaipokea, akaigeuzageuza. "Hiki kidude?"

"Hicho hicho."

"Sasa kwa nini usiseme kidude cha injini?"

Loo! Mimi nimetoka damu vidoleni, halafu nafundishwa kusema! Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na jibu lenyewe halikuwa zuri. Mlango wa nyuma wa gari langu ukafunguliwa. Mama alikuwa na simu yake sikioni, na machozi yanamtoka.

"Nyie wanaume, hiyo sensa mtaijadili kesho," akasema. "Geuzeni gari. Zuhura wangu analia."

Mzee Abdulmajid akanirudishia kile kidude, akamwambia dereva wake ageuze.