Ukuta wa Mama Josée

Kabla ya ukuta, nyuma ya nyumba ya Marcelline pale Kikula palikuwa matope, mafiga matatu meusi, na mabati yenye kutu yaliyojiita uzio. Katikati ya mabati kulikuwa na pengo. Majirani walipita hapo bila hodi, na kuku wao vilevile. Kisha wakwe kutoka Shituru wakatuma neno: Jumamosi ya tatu wanakuja kumposa binti yake Josée. Marcelline akapata homa ya usafi.

"Ba-bukwe bataona hii?" akamwambia Nicolas, fundi. "Weka pave ya saruji hapa chini yote. Weka ukuta. Murefu."

Nicolas akakuna kichwa. "Mama, njia ya majirani naacha wapi? Na fasi ya moto?"

"Moto juu ya pave yangu? Weye! Niko na rechaud ya umeme, itapika yote."

Mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Pave zikalala zimenyooka kama wanafunzi mbele ya bendera, na Marcelline akazifagia kila jani lilipothubutu kuanguka. Mbabula ya makaa marufuku. Viatu vya matope marufuku. Jirani yake Aicha, mama yake Hakim, aliyezoea kupita penye pengo na mwiko wake mkononi, aliugonga ukuta kwa kidole.

"Muzuri, Mama Josée. Hata gereza iko na mulango."

Jumamosi ikafika, na wakwe kumi na wanane. Umeme nao ukachagua saa hiyohiyo kwenda zake. Rechaud ikapoa, maji ya bukari, ugali wetu, yakabaki maji. Hapo Marcelline akakumbuka jambo ambalo Kikula nzima inalijua bila kufundishwa: mwanamke haalikwi kusonga bukari ya sherehe kwa jirani. Anaona moshi, anachukua mwiko, anapitia nyuma. Leo moshi hakuna, na nyuma kuna ukuta unaompita mtu kichwa.

Mzee Godefroid, baba mdogo wa bwana harusi, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia. Pave zinang'aa. Mtu hakuna.

"Mama, ni pazuri," akasema polepole. "Lakini bantu benu beko wapi? Nyumba yenye haina bantu siku ya furaha, siku ya kilio itakuwa na nani? Pengine turudie kwetu, tuwaze tena."

Josée akamtazama mama yake. Jicho lile lingechemsha maji bila umeme.

Marcelline akavua viatu vyake vya sherehe, akapanda juu ya rundo la pave zilizobaki, akachungulia. Upande wa pili Aicha na wanawake wanne wamekaa, miiko mapajani, sufuria kubwa inafuka moshi mafigani.

"Mama Hakim!"

"Eeh? Nani anaongea toka mbinguni?"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Ba-bukwe beko na njala. Banataka kurudia. Nakuomba."

"Bukari iko tayari, mama. Umeme ukikufa kwako, kwetu iko nzima? Na bageni tulibahesabu pa barabara. Ila miye sina mabawa."

Marcelline akageuka. Nicolas alikuwa miongoni mwa wageni, shati jeupe, soda mkononi.

"Nicolas, toboa!"

"Ukuta? Na hii shati?"

"Toboa!"

Akatoboa. Wakwe wakavuta viti kukwepa vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu wafike wakacheka. Wanawake watano wakaingia kwa vigelegele na miguu ya matope, kuku wawili nyuma yao. Aicha akasimama na sufuria katikati, penye pave nzuri kuliko zote.

"Naweka hapa? Ama nitoe viatu kwanza?"

"Weka, dada."

Mzee Godefroid akanawa mikono. "Aba! Sasa tuko kwa bantu. Tuongee."

Jumatatu duara la masizi ya sufuria lilikuwa bado pale juu ya pave, halikusikia sabuni wala brashi. Nicolas akaja na saruji kuziba tundu.

"Kuziba nini?" Marcelline akamuuliza. "Panua. Sufuria ya Aicha ilikwaruza pembeni."