Hukumu ya Ziwa Hofu

Katika nchi ya Mazoea, iliyokaliwa na sisimizi wenye heshima na bidii, kumbukumbu ya taifa haikuhifadhiwa vichwani wala vitabuni, ilihifadhiwa ardhini. Kila apitaye aliburuta tumbo akaacha harufu, na kila ajaye aliinamisha vipapasio akaifuata, akiongeza harufu yake juu ya ile ya waliotangulia. Njia tukufu kuliko zote iliitwa Salihina. Ilianzia ghala la mtama, ikalizunguka Ziwa Hofu kwa mwendo wa siku nzima, ikaishia nyumba ya watoto. Ziwa lenyewe lilikauka zamani, ila harufu haikuwa na habari hiyo. Wachukuzi walizunguka kwa adabu, wakila mizigo yao njiani kwa uchovu, na watoto wakaletewa salamu na makombo.

Jambo hilo lilimchoma Dadisi, mlezi wa watoto kumi na wawili. Asubuhi moja aliwakuta wamelegea hata kulia hawawezi. Uchungu ukamshika, akakata shauri, akakatiza ziwani. Jua halijapanda alikuwa amerudi na punje, na watoto wanne wakala. Alipokwenda kuchukua ya pili, alikamatwa nayo ukingoni, karibu na ghala.

Kadhi Desturi, mzee wa kitambi na fahari, alifungua kesi papo hapo mbele ya umati.

"Mshtakiwa, umevuka ziwa?"

"Nimevuka vumbi, mheshimiwa kadhi. Nakusihi unihukumu upesi, watoto wanane hawajala."

"Vumbi! Babu zetu walikuwa wajinga, wakazunguka vumbi?"

"Hasha! Babu zetu walizunguka maji, na walikuwa na akili timamu. Sisi tunazunguka nini?"

Umati ukaguna. Kadhi akakohoa, akatamka kwamba adhabu ya kuvuka ziwa ni kuzamishwa humo humo. Dadisi hakuogopa maji, aliogopa kucheleweshwa.

"Basi naomba nizame na punje yangu," akasema kwa unyenyekevu.

"Ombi limekubaliwa. Itakuwa uzito wa kukuzamisha."

Askari wawili, Ndiyo na Naam, wakambeba mshtakiwa na punje yake, wakamtupa ziwani. Dadisi akaketi vumbini, akapiga chafya.

"Hapo hapana kina," akasema kadhi. "Msogezeni mbele!"

Wakamsogeza, wakamtupa, akapiga chafya tena.

"Mbele zaidi! Kina kiko katikati!"

Na kwa kuwa haki haitekelezwi bila mashahidi, kadhi akafuata kwa madaha, karani akamfuata kadhi, umati ukamfuata karani, wote wakiburuta matumbo kama walivyolelewa. Walikitafuta kina kwa uaminifu mkubwa, hatua baada ya hatua, hata Ndiyo akajigonga kichwa kwenye mlango wa nyumba ya watoto.

"Mheshimiwa," akauliza akijipapasa, "tumzamishe wapi sasa?"

Kadhi akainama kunusa alikopita, apate mwongozo. Harufu iliyokuwapo ilikuwa yake mwenyewe, nzito na yenye cheo, na maishani mwake hakuwahi kuasi harufu yenye cheo. Akageuka, akaifuata kurudi ghalani, na umati ukafuata nyuma yake kwenda kubeba mtama.

Kabla ya adhuhuri watoto wote kumi na wawili walikuwa wameshiba. Kitindamimba, ambaye asubuhi hakuwa na sauti, alikuwa akipiga kelele ya kutaka nyingine, na Dadisi alicheka kwa furaha mpaka akakaa chini.