Bata Amevaa Gauni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema hilo mapema, mtu asije akadhani namsingizia mkurugenzi wangu. Alikuwa mtu mwema, na chai ya ofisini aliinunua yeye. Tatizo lake lilikuwa moja tu: alimtaka Bata wa tatu.

Bata Tarishi ndiye aliyetutoa. Miaka kumi na miwili nyuma tulikuwa watu watano kwenye studio ya katuni juu ya duka la vigae, na mimi nikamchora bata anayeogopa kuruka, kwa hiyo anapeleka barua kwa miguu. Filamu ilipendwa mpaka wenyewe tukashangaa. Tukatengeneza ya pili, nayo ikapendwa, ingawa sisi wa ndani tulijua kwamba milima ilikuwa ileile na barua zilezile. Sasa tulikuwa watu ishirini na wawili, na karibu wote niliwafundisha mimi. Waliniita Shangazi, hata wenye mvi kunizidi.

"Watu wanamtaka Bata," mkurugenzi alisema kikaoni.

"Watu wanataka walichokwisha kukionja," nikamjibu. "Tunapasha kiporo mara ya tatu, mkuu. Safari hii tutaunguza na sufuria."

Kifutio, kijana wetu hodari ambaye hufuta kuliko anavyochora, alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Mimi nilikuwa na filamu yangu. Niliiita Chumba cha Pasi. Msichana anaajiriwa kupiga pasi mashuka ya hospitali, na kila shuka limehifadhi ndoto ya mgonjwa aliyelilalia. Pasi ikipita, ndoto inatoka na mvuke. Nilikuwa nimeibeba kichwani miaka tisa, na chini ya kitanda changu kulikuwa na maboksi manne ya michoro yake. Nina miaka arobaini na tisa. Filamu moja kwetu hula miaka mitatu. Wakianza Bata wa tatu, nitamaliza nikiwa na hamsini na miwili, macho yamechoka, na hapo watamtaka wa nne. Nilijua kabisa kwamba ni safari hii au basi.

"Nani atanunua mdoli wa shuka?" mkurugenzi aliuliza, wala hakuwa anatania.

Hata hivyo alitutendea haki. Alitupa miezi miwili. Kifutio atengeneze dakika tatu za Bata wa tatu, mimi nitengeneze dakika tatu za Chumba cha Pasi, kisha watoto wa shule ya jirani watazame zote mbili na wanyooshe mikono. Nilikubali haraka kuliko inavyompasa mtu mzima, kwa sababu nilikuwa na uhakika wa kushinda. Nilichora kwa raha ambayo sikuwa nimeipata tangu ujana. Wenzangu walinisaidia kwa zamu, na kila kipande kilichokamilika tulikitazama pamoja, tukakisifia.

Siku ya Alhamisi asubuhi tukabeba projekta na shuka moja jeupe la kutundika ukutani. Watoto wa darasa la tatu, thelathini na wanane, walikaa sakafuni kwenye ukumbi wa shule wakisukumana viwiko. Mkurugenzi alikaa nyuma na karatasi yake ya kuhesabia vicheko. Kazi ya Kifutio ilitangulia. Bata alikuwa amepewa barua ya kupeleka juu ya mnara wa simu, yeye na woga wake wote wa urefu. Watoto walicheka, wakapiga makofi, wakatulia. Nilijiambia kwamba si mbaya, kwa kiporo.

Kisha ikaja yangu. Mvuke wa kwanza ulipopanda na ndani yake akaonekana mzee akicheza mpira na mawingu, ukumbi mzima ulinyamaza. Watoto waliacha kusukumana. Mmoja alifungua mdomo akasahau kuufunga. Nilimkanyaga Kifutio mguu kwa furaha.

Baada ya hapo msichana wangu analibeba lile shuka lililonyooshwa, analipeleka wodini, na anakuta kitanda cha yule mzee hakina mtu. Godoro tupu. Anasimama kidogo, kisha anageuka na kurudi peke yake kwenye korido ndefu. Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka roho yangu yote.

Msichana akapiga hatua tatu, nne. Mtoto mmoja wa kike aliyekaa mbele akanyanyuka akaonyesha kidole.

"Ni Bata!" akapiga kelele. "Bata amevaa gauni!"

Ukumbi ukalipuka. Walicheka wakaangukiana, wengine wakasimama na kuanza kutembea kibata kati ya wenzao, na mwalimu wao, aliyekuwa akijikaza kwa adabu, akashindwa akageukia ukutani. Nilitaka kumkasirikia yule mtoto. Nikatazama picha ukutani nitafute pa kuanzia kumkaripia, nikaona. Mguu wa kulia umetoka nje kidogo. Bega la kushoto linazama, kisha karuko kadogo, kama anakwepa dimbwi. Ulikuwa mwendo wa Bata, hatua kwa hatua.

Ni kosa ambalo lisingetokea popote ila kwetu. Kwenye studio yetu, mgeni yeyote somo lake la kwanza ni kunakili mwendo wa Bata kutoka kwenye karatasi zangu, michoro ishirini na minne kwa sekunde moja, siku baada ya siku, mpaka mkono usihitaji kuuliza. Kila jicho mle ndani lilikuwa limefundishwa kuuona mwendo ule kuwa ndio kutembea. Watu ishirini na wawili tulikitazama kipande kile labda mara hamsini, na wote tukaona msichana mwenye huzuni. Mikono iliponyooshwa, Bata alipata thelathini na moja.

Mkurugenzi hakunisimanga. Tulishuka ngazi za shule pamoja, yeye amebeba projekta kama mtoto mchanga.

"Mkono wako umeshapiga kura, Shangazi," alisema taratibu. "Hata wewe unamtaka Bata. Basi muongoze wewe. Bila wewe hatembei yule. Nipe jibu Jumatatu."

Niliona aibu, tena aibu ile inayokufuata mpaka nyumbani na kukaa kiti cha jirani.

Naishi na mama yangu. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hospitali, na Chumba cha Pasi ni chake, ingawa sijawahi kumwambia hivyo waziwazi. Jioni ile nilimkuta mezani anachambua mchele. Nikamsimulia yote, nikitegemea pole. Nilipofika kwenye Bata amevaa gauni, aliisukuma sinia pembeni akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Mama, mimi naumia."

"Naona, mwanangu. Hebu nionyeshe na mimi."

Nikamfungulia kompyuta. Aliitazama korido ile mpaka mwisho, kisha akanitazama mimi kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kuhesabu.

"Kwani hukujua?" akaniuliza.

"Kujua nini?"

Aliinuka, akaenda jikoni kuchukua maji, akarudi. Mguu wa kulia umetoka nje kidogo, bega la kushoto linazama, karuko kadogo mlangoni. Nimemwona mama akitembea hivyo kila siku ya maisha yangu. Ndiyo maana sikuwahi kumwona.

"Siku ya ile filamu ya kwanza," alisema akikaa, "nilijitambua Bata alipopiga hatua ya kwanza tu. Nikasema, ah, huyu kanichukua miguu."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa unajisifu umebuni. Ningekuharibiaje?" Aliirudisha sinia mbele yake. "Halafu nikuambie kitu. Mimi nikipita barabarani watu huangalia pembeni, wanajitia hawaoni. Nimezoea. Lakini siku ile ukumbini watoto walicheka, na walipotoka nje wote walikuwa wanatembea kama mimi. Uwanja mzima! Nilikaa kwenye benchi nikawaangalia mpaka mama zao wakawachukua."

Miaka kumi na miwili nimezunguka na sifa za mwendo ule, na mwenyewe alikuwa anachambua mchele.

"Kwa hiyo mimi namtaka wa tatu," mama akamaliza. "Usininunie. Mtu akimpenda mtu anarudi kumwona. Ubaya wake nini?"

Nilinuna. Nilinuna kwelikweli, kama mtoto wa darasa la tatu, na mama akaniacha ninune mpaka mchele ukaisha. Alipotaka kuinuka, akaigusa kompyuta kwa kidole.

"Ila huyu binti wako umemwonea. Ndio kwanza ameanza kazi, sivyo? Basi hana mguu huu. Mimi niliingia pale na miguu yangu miwili mizima. Nyonga imevunjika wewe una miezi kumi na moja."

Hilo nililijua, kama mtu anavyojua mwaka wa kuzaliwa kwa babu yake. Sikuwa nimewahi kulifikiria. Ndani ya mama yangu palikuwa na mwanamke aliyetembea kwa miguu mizima, na mimi sikuwahi kumwona akivuka hata chumba kimoja.

"Ulikuwa unatembeaje?"

"Sasa nitakuonyesha na nini?" Alijicheka. Kisha akaipangusa meza kwa kiganja, akasimamisha vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya kitambaa, cha shahada na cha kati, na vidole vikaanza kwenda. Vilikwenda haraka, vyepesi, visigino havigusi. Vilipofika karibu na glasi vikakimbia hatua tatu, vikaungana, vikateleza upande mpaka ukingoni mwa meza, vikasimama hapohapo bila kuanguka.

"Sakafu ilikuwa na sabuni," mama alieleza. "Na tulikuwa na makubazi ya mpira. Mwenzio anakuita toka kule, unateleza mpaka mezani kwake na kikapu mkononi. Msimamizi alikuwa anatufokea kila siku."

"Na ndivyo ulivyovunjika?"

"Ndivyo nilivyovunjika. Lakini miaka mitano nilikuwa sianguki." Vidole vikateleza tena. Nikachukua simu nikavirekodi, na yeye akavirudisha mwanzo wa meza bila kuombwa.

Ijumaa sikwenda kazini. Nilichora mpaka Jumapili jioni, na ilikuwa kazi ngumu kupita zote nilizowahi kufanya. Kila nikisahau kidogo, mguu wa kulia ulitoka nje. Nikafuta kuliko Kifutio. Nikaweka glasi mezani, nikatembeza vidole vyangu mwenyewe, nikatazama, nikachora. Mwisho nikapata sekunde nane: korido ileile, msichana yuleyule, na kikapu.

Jumatatu niliziweka mbele ya mkurugenzi. Alizitazama mara tatu, ameshika kidevu.

"Nani huyu?" akauliza.

"Humjui. Hata mimi nilikuwa simjui."

Nikamwambia nilichokwenda kumwambia. Bata wa tatu atengenezwe, sina kinyongo naye tena, lakini nisiongoze mimi. Aongoze Kifutio, nami nitamfundisha mwendo wote mpaka asinihitaji. Mimi nipewe Chumba cha Pasi. Mkurugenzi alipumua, akasimama dirishani, akazungumza habari ya watoto thelathini na mmoja waliokwisha kunyoosha mikono. Kisha akanipa alichoweza: chumba kidogo cha nyuma, msaidizi mmoja, mwaka mmoja, filamu ya dakika kumi badala ya saa nzima na nusu. Watu wengine wote waende kwa Bata. Sikushinda, na sitasema nilishinda. Nilimshika mkono nikatoka kabla hasira yangu haijaamka.

Kesho yake jioni nilimleta Kifutio nyumbani.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni, daftari kifuani kama mgeni wa mtihani.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye utakayenitembeza sasa?"

Kifutio alinitazama mimi, akamtazama yeye, na nikaona anaelewa. Mama hakumpa nafasi ya kuona haya. Alikwenda mpaka mwisho wa korido yetu akarudi, akaenda tena, polepole, akimwamuru atazame bega kwanza halafu mguu, na kumkaripia anapochora huku haangalii. Kifutio alijaza daftari. Alipoaga alikuwa anachechemea ngazini bila kujua.

Tulipobaki wawili nikamfungulia mama zile sekunde nane. Nilikuwa na hofu kuliko siku ya ukumbini. Msichana akatokea na kikapu chake, hatua za haraka, visigino havigusi. Akakimbia tatu, akaunganisha miguu, akateleza korido nzima, nywele zimekwenda nyuma, akasimama ukingoni mwa picha. Ikaisha.

Mama hakucheka. Mkono wake ulikuwa umeishika nyonga, na sidhani kama alijua.

"Nilikuwa nimeshamsahau," alisema.

Nilingoja aseme jingine, kwamba nywele sizo, au kikapu kilikuwa kikubwa zaidi. Alisogeza kiti karibu na mwanga wa kompyuta.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Binti akateleza, akasimama.

"Rudia."

Nikarudia, tena na tena, na kila mara nikimwangalia usoni, hakuwa ameshiba.