Pori la Shangazi

Kwenye kioo cha kompyuta, mstari mmoja wa njia ya droni ulipita katikati ya paa la shangazi yake. Mpangaji wa safari za droni aliusogeza kidogo kwa kipanya, kisha akaurudisha. Haikubadili kitu. Droni inakwenda na kurudi kama trekta linalolima, na kila picha inailalia jirani yake kama watoto wanaochangia kitanda. Hakuna paa linaloponea pembeni.

Na yeye hakutaka liponee. Bonde zima lilikuwa linapimwa ili apewe mwekezaji alime. Nyumba ikionekana kwenye ramani, mwenyewe atalipwa fidia kabla ya kuhamishwa. Isipoonekana, haijawahi kuwepo, na aliye ndani ni mvamizi. Wenye nyumba walikuwa hawajaambiwa hata neno. Bosi alisema wakijua watasimamisha vibanda vya uongo.

"Atakayefungua mdomo," alisema huku akichokonoa meno, "mimi nitamfungulia mlango."

Mpangaji alikuwa na mke mjamzito na chumba cha kupanga ambacho mlango wake ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Milango ya kufunguliwa hakuihitaji. Hata hivyo, bosi alipokwenda msalani, alipiga simu.

"Shangazi, sikiliza. Jumatano, jua likiwa utosini, kitapita kidude angani. Kitapiga picha nyumba zote za bondeni. Kuna watu wanaitaka hiyo ardhi."

"Kidude gani? Ndani yake kuna nani?"

"Hakuna mtu. Nisikilize kwanza, hakikisheni..."

Maji ya choo yakaporomoka. Akakata simu. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope.

"Nani huyo?" bosi aliuliza, akipangusia mikono kwenye suruali.

"Mke wangu, bosi. Anataka ndimu."

"Ah, mimba hiyo." Bosi aliiokota simu mezani, akaipimapima kiganjani kama mtu anayechagua nyanya, akairudisha. "Mnunulie."

Hakupiga tena. Kila alipoigusa simu alikiona kile kiganja. Alijiambia shangazi ni mwerevu, ndiye aliyemlea yeye mpaka akafika chuo, atakuwa ameelewa. Tena cha kuelewa kilikuwa nini? Wakae tu majumbani mwao. Bati halina haja ya kufundishwa kung'aa.

Jumatano aliirusha droni kutoka ng'ambo ya mto, mahali ambapo hakuna wa kuwauliza maswali. Ilipanda, ikawa inzi, ikapotea. Ikarudi kubadilishiwa betri, ikaenda tena.

Kesho yake kompyuta ilihema kutwa nzima ikiunga picha. Ramani ilipofunguka, ilikuwa ya kijani kutoka ukingo hadi ukingo.

Alivuta karibu. Akavuta tena. Palipotakiwa kuwa na mabati palikuwa na majani. Hapakuwa na moshi, wala nguo kwenye kamba, wala mbuzi hata wa kusingizia. Lakini matawi yalikuwa yamelala upande mmoja, na ncha zake zilikuwa nyeupe, mbichi, za panga.

"Pori tupu," alisema bosi nyuma ya sikio lake.

"Bosi, haya matawi yamekatwa. Chini kuna nyumba. Turushe tena."

"Nyumba iko wapi? Nioneshe."

Mpangaji aliweka kidole kwenye kioo. Kidole kilikaa juu ya majani.

"Mimi naona majani," bosi alisema kwa upole. "Wewe umejuaje kwamba chini kuna nyumba?"

Mpangaji aliondoa kidole kwenye kioo.

"Na kama kweli wamejifunika, nani aliwaambia ni Jumatano?"

Bosi akamwekea mkono begani, mkono wa baba.

"Mkeo alipata ndimu?"

"Alipata, bosi."

"Basi tuma ramani."

Akaituma. Alibonyeza mwenyewe, hakuna aliyemshika kidole.

Shangazi alimpigia akiwa njiani kurudi nyumbani. Alikuwa anacheka hata kabla ya salamu.

"Mwanangu, tumekikomesha. Huku kila aliyekuja kutazama nyumba zetu alirudi na tingatinga, unadhani tumesahau? Nilipita mlango kwa mlango. Tumepanda wote juu ya mapaa na matawi, hata yule mzee mwenye goti bovu, tukamsukuma makalio mpaka akafika. Mbuzi nimelala nao chumbani, nanuka beberu mpaka sasa hivi. Haya, niambie. Kimetuona?"

Alisimama. Watu walimpita.

"We mtoto. Kimetuona?"

"Hakikuwaona, shangazi."

Akamsikia akigeuka na kuwapasha wenzake habari, na vigelegele vikapanda hadi simu ikakwaruza.

"Wanakushukuru hao. Wanasema usingetuambia, tungekuwa tumekwisha." Akashusha sauti. "Ila majani yameanza kunyauka, bati linachungulia. Tukate mengine, au hayo yanatosha?"

Nyuma yake mapanga yalikuwa yameshaanza kazi.